Umbwe hadi Uhuru: mbio bila mpinzani ni mbio?

Njia ya Umbwe, mlimani Kilimanjaro, haikupi nafasi ya kujidanganya. Ukishapita migomba na kahawa za Kibosho, na mifongo ya maji inayotiririka kando ya barabara, lango linakupokea kwenye mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwanzoni ni barabara ya msituni, pana, yenye kivuli. Kisha inageuka kijia juu ya mgongo wa mlima, korongo huku na korongo kule, na mahali pengi unapanda kwa mikono: unashika mzizi, unajivuta, unatafuta mwingine. Mizizi hiyo imesuguliwa na viganja na buti mpaka inang'aa kama mpini wa jembe lililolima miaka mingi.

Niliipanda mara moja tu, hadi kambi ya kwanza ya pangoni. Nilianza saa tatu asubuhi, nikafika saa kumi alasiri, moyo ukinidunda masikioni. Wapagazi waliokuwa nasi walinipita kabla sijamaliza chupa ya kwanza ya maji, mizigo kichwani, wakiniambia pole pole kaka, pole pole. Nilipotokea kambini hema langu lilikuwa limeshasimama na maji ya chai yanachemka.

Tarehe 13 Agosti 2014, Karl Egloff, mwongozaji wa milima mwenye asili ya Uswisi na Ekuador, alianzia Umbwe hiyohiyo. Alifika Uhuru, mita 5,895, kwa saa 4 na dakika 56. Akageuka, akashuka kwa njia ya Mweka, na saa yake ikasimama kwenye saa 6, dakika 42 na sekunde 24. Kwa muda ule niliotumia mimi kufika kambi ya kwanza, yeye alishakanyaga kilele na kurudi kwenye migomba.

Hapakuwa na bastola ya kuanzishia siku ile. Hapakuwa na utepe wala mtu anayemhemea kisogoni. Muda wa kuondoka aliuchagua mwenyewe, na mpinzani wake mkubwa, Kilian Jornet wa Catalonia, alikuwa amepita hapo Septemba 2010, miaka karibu minne nyuma, akatumia saa 7 na dakika 14, kisha akaenda zake. Ndipo linapozuka swali ambalo nimelisikia zaidi ya mara moja kwenye vijiwe vya kahawa mjini Moshi: je, zile zilikuwa mbio? Mzee mmoja aliyewahi kukimbia enzi za ujana wake alinijibu kwa swali. Aliniuliza kama nimewahi kuona bao likichezwa na mtu mmoja.

Nimelibeba swali la mzee huyo kwa muda mrefu, kwa sababu si swali dogo. Likijibiwa ovyo, linaamua nani anaheshimiwa katika mlima huu na nani anapita bila kuonekana.

Kiswahili chenyewe kinampa mzee nguvu. Tunasema kushinda, na tunasema kushindana. Ile -na ya mwisho ndiyo yenye kazi yote. Kupigana, kupendana, kujibizana: ukiona -na ujue wapo wawili. Mtu aweza kuushinda mlima peke yake, lakini hashindani mpaka awepo mwingine. Kwa kipimo hicho Egloff alishinda, ila hakushindana.

Lakini lugha hiyohiyo ina neno mbio, nalo ni pana kuliko tunavyolikumbuka. Mtu akiitwa nyumbani ghafla huenda mbio, na hakuna anayemshindania njia. Kila mwaka Taifa zima hushuhudia Mbio za Mwenge wa Uhuru, zinazozunguka halmashauri za nchi, na wanaoubeba tunawaita wakimbiza Mwenge. Hakuna anayeshinda mbio hizo kwa kufika wa kwanza, na hatujaona haja ya kuzibadili jina. Mwenge wenyewe una deni kwa mlima huu: usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha juu ya Kibo, na kilele kikapata jina la Uhuru.

Basi neno mbio halitatuamulia kesi. Tuangalie matendo yenyewe.

Rekodi za kupanda na kushuka Kilimanjaro kwa kasi zina historia ambayo Moshi ingestahili kuijua kama inavyojua matokeo ya ligi. Mwaka 2001 Bruno Brunod wa Italia alipanda kutoka lango la Marangu hadi Uhuru kwa saa 5 na dakika 38. Kisha akaja mtu wa hapahapa. Simon Mtuy, mwongozaji wa watalii kutoka Mbahe, Marangu, alipanda na kushuka mwaka 2004 kwa saa 8 na dakika 27. Mwaka 2006 akarudi mlimani kwa namna nyingine: akabeba mwenyewe chakula na maji yake, asipokee chochote kwa mtu yeyote njiani, akamaliza kwa saa 9 na dakika kadhaa. Ukitazama namba peke yake utasema alirudi nyuma. Ukiutazama mlima utaona alikuwa ameongeza uzito wa mtihani kwa hiari yake. Baada yake ndipo wakaja Jornet na Egloff. Mwaka 2017 Fernanda Maciel wa Brazil alifika kileleni kwa saa 7 na dakika 8 na kukamilisha safari nzima kwa saa 10 na dakika 6.

Hakuna hata wawili kati yao waliopanga mstari mmoja pale langoni. Hata hivyo mfuate Egloff baada ya Kilimanjaro. Desemba 2014 Jornet alikwenda Aconcagua, Argentina, mlima mrefu kuliko yote ya Amerika, akatumia saa 12 na dakika 49 kupanda na kushuka. Februari 2015 Egloff akatokea kwenye mlima uleule, akatumia saa 11 na dakika 52. Wanaume hawa walikuwa wanajibizana. Tayari -na imeshaingia.

Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili si geni hata kidogo. Tangu gazeti la Mambo Leo lianze kutoka mwaka 1923, washairi wa nchi hii wamekuwa wakilumbana kurasani. Mmoja yuko Tanga, mwingine Ujiji. Shairi linatoka mwezi huu, jibu linatoka mwezi ujao au baada ya miezi mitatu, na wahusika huenda wasionane mpaka wanaingia kaburini. Nani atasema hayo hayakuwa mashindano? Wasomaji walikuwa wakijua vizuri nani kamzidi nani. Lakini palikuwa na sharti, na sharti hilo ndilo kiini cha jambo: jibu lilipaswa kuja kwa bahari ileile, vina vilevile, mizani zilezile. Ukijibu shairi la mizani kumi na sita kwa utenzi wa mizani nane, umesema lako, hujamjibu mwenzako.

Hapo ndipo ninapotofautiana na yule mzee wa bao, kwa heshima zote. Umbali wa siku au miaka kati ya washindani hauvunji shindano. Kinacholivunja ni mizani kutolingana.

Kuna mchezo mwingine duniani unaosumbuliwa na swali hilihili, nao unachezwa angani. Ni mashindano ya glaida, ndege nyembamba zenye mabawa marefu na zisizotegemea injini. Ndege yenye injini huivuta glaida hadi mita mia kadhaa juu, kamba inafyatuliwa, na tangu hapo rubani anaishi kwa hewa moto inayopanda kutoka ardhini. Anazunguka ndani yake apate kimo, kisha ananyoosha kuelekea kituo kinachofuata, na kazi ya siku moja yaweza kuwa kilomita 300 au 500. Sasa tazama utata. Mstari wa kuanzia ukishafunguliwa, kila rubani huuvuka kwa muda anaoutaka. Mahodari huzungukazunguka nyuma ya mstari wakingoja wengine watangulie, ili waliotangulia wawaonyeshe hewa nzuri iko wapi. Mtu aweza kutua wa mwisho na akawa mshindi wa siku, kwa sababu saa yake ilichelewa kuanza. Alama zinahesabiwa, hadi 1,000 kwa mshindi, na anayetazama kutoka chini haelewi nani yuko mbele.

Baadhi ya marubani walichoshwa na hali hiyo, wakataka mbio ambazo hata mtoto aliyesimama uwanjani angezielewa. Mwaka 2005, huko Saint-Auban, Ufaransa, yalifanyika mashindano ya dunia ya Grand Prix ambamo wote walivuka mstari kwa wakati mmoja, na wa kwanza kurudi ndiye mshindi. Mtindo ule wa zamani haukufa. Ipo mitindo yote miwili hadi leo, na kila mmoja una watu wake wanaoutetea kwa moyo wote.

Sisi tunaoishi chini ya Kibo tuna walimu wa mchezo huo ambao hawakuhitaji leseni. Karibu na saa nne asubuhi, jua likishapasha moto tambarare zilizo chini ya mlima, tumbusi huanza kupanda bila kupiga bawa. Colin Pennycuick, mtaalamu wa ndege aliyefundisha Nairobi miaka ya mwisho ya 1960, alirusha glaida yenye injini ndogo juu ya Serengeti ili aruke pamoja na tumbusi na kupima wanavyopanda na kunyoosha. Wanaowafahamu ndege hao wanajua kwamba kila mmoja hutazama jirani zake angani. Mmoja akishuka ghafla, aliye mbali anaona na kumfuata, na wa mbali zaidi anamfuata huyo. Mzoga ni mmoja, hawakuanza pamoja, wala hawakutoka mahali pamoja, na atakayechelewa atakuta mifupa.

Na kama glaida zinaonekana za mbali, tukumbuke Safari Rally. Ilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi njia zake ziliingia Tanganyika, baadaye Tanzania, zikapanda kona na matope ya Usambara. Magari hayakuachwa pamoja. Yaliondoka moja moja, kwa kupishana dakika, kila dereva akipambana na barabara na saa. Bert Shankland wa Dar es Salaam aliishinda mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa baada ya maelfu ya kilomita, ikabidi kanuni ya ziada iamue, na Mehta akapewa ushindi. Watu walisimama kando ya barabara usiku kucha kuona taa zikipita. Lugha yetu iliyaita mbio za magari, na sijawahi kusikia mtu akisema hapana, hizo si mbio, kwa sababu hawakuondoka pamoja.

Lakini nisiukimbie upande wa pili, maana una uzito wake, na uzito huo unaonekana vizuri hapahapa Moshi kila mwaka, Februari inapokwisha na Machi inapokaribia.

Kilimanjaro Marathon ilianza mwaka 2003. Kunapopambazuka, uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika hujaa watu mpaka barabarani, na harufu ya dawa ya misuli inakufikia kabla hujaona mtu. Wakimbiaji wa kilomita 42 huelekea kwanza upande wa barabara ya Dar es Salaam, hurudi mjini, kisha huanza kupanda kuelekea Mweka. Pale ndipo marathoni hii huonyesha rangi yake. Nimesimama kwenye kilima hicho zaidi ya mwaka mmoja, upande wenye kivuli, ndoo ya maji miguuni, na nimeona watu wawili wakipanda bega kwa bega bila kutazamana. Mmoja akaongeza hatua kidogo, si kwa kasi, kidogo tu. Mwingine akamjibu. Akaongeza tena. Safari hii jibu lilichelewa, labda kwa pumzi mbili. Hakuna saa iliyoonyesha kitu, lakini kila mama aliyekuwa kando ya barabara na mtoto mgongoni alijua mbio zimeamuliwa, na vigelegele vikaanza kabla pengo halijafika mita tano.

Umati ule una hesabu mbili za muda. Kila mkimbiaji huvaa chipu, na wale wa nyuma huvuka mstari dakika kadhaa baada ya mlio, kwa hiyo chipu inawahesabia tangu wanapovuka wao. Lakini wanaogombea ushindi huhesabiwa tangu mlio wa bastola, na ushindi ni wa anayefika kwanza kwa mwili wake. Kwenye barabara moja, siku moja, wapo wanaokimbizana na watu na wapo wanaokimbizana na saa. Wote wanarudi na medali shingoni, na wote husema wamekimbia mbio za Kilimanjaro.

Kitu gani hasa kinapotea mtu akikimbia na saa peke yake? Mtazame Alphonce Simbu. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, mtoto huyu wa Singida aliingia uwanjani kwenye hatua za mwisho za marathoni ya dunia, Amanal Petros wa Ujerumani akiwa mbele yake. Walipofika mstarini Petros aliruka mbele akaanguka, Simbu akajirusha kifua mbele, na picha ikalazimika kusoma kile ambacho macho ya mtu yalishindwa kukisoma: tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Sasa fungua karatasi ya matokeo. Simbu, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Petros, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kama wangekimbia siku tofauti, kila mtu na saa yake, wangekuwa sare na dunia isingejua tofauti yao. Ushindi ule ulizaliwa kwa sababu mmoja alimwona mwenzake na akakataa kumwachia.

Au mkumbuke Filbert Bayi, Christchurch, Februari 1974, mita 1,500. Alitangulia tangu mwanzo, wote wakimfukuza, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3, sekunde 32.16. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili nyuma yake, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Mfukuzaji alimsukuma mfukuzwaji, na mfukuzwaji akamvuta mfukuzaji.

Kwa upande mwingine yupo Eliud Kipchoge, Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019. Saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kwa kilomita 42.2. Tulilia machozi ya furaha Afrika Mashariki nzima, mimi nikiwemo. Lakini muda ule haukuandikwa kama rekodi ya dunia, kwa kuwa hayakuwa mashindano ya wazi na wasaidizi wa mwendo waliingia na kutoka kwa zamu wakimkinga na upepo. Hakuna anayedai hakukimbia. Kilichokosekana ni mlango uliofunguliwa kwa mtu mwingine kuingia na kumshinda.

Maneno hayo, mlango uliofunguliwa, ndiyo yanayonirudisha Umbwe.

Nimefikia msimamo wangu, nao ni kwamba rekodi za Kilimanjaro ni mbio, ni mbio kweli, za ukoo mmoja na malumbano ya washairi, glaida na Safari Rally. Ila tukishakubali ni mbio, hatuwezi kuziacha ziendelee kama mambo ya faragha ya wageni wachache wenye wafadhili. Mbio zina wajibu. Lazima mizani ilingane: njia ni ipi, umepokea msaada au hukupokea, nani alikuwa shahidi, saa ilianza wapi na ikasimama wapi. Mtu anayepandia Marangu na anayepandia Umbwe hawajibizani, kwa sababu bahari zao ni tofauti. Aliyepokea maji kambi kwa kambi na Mtuy wa mwaka 2006 hawajibizani pia. Tayari wapenzi wa mchezo huu duniani wametenga madaraja hayo, na orodha inayotegemewa zaidi iliasisiwa na wakimbiaji wawili wa Marekani. Kazi yao ni ya kuheshimiwa. Lakini inaniuma kwamba kumbukumbu za mbio za mlima huu zatafutwa kwenye kompyuta ya mbali, ilhali mjini Moshi sijaona hata ubao mmoja wa rangi unaoonyesha jina la Simon Mtuy na muda wake.

Na lazima mlango ufunguliwe kwa wenye mlima. Sisemi watu waachiwe wapande mbio wapendavyo. Kule juu hewa ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoivuta pwani, na mlima hauna huruma: kichwa kinapasuka, mapafu yanajaa maji, ubongo unavimba, na kijana mwenye nguvu aweza kuzimika usiku mmoja. Hao wenye rekodi hawakutokea uwanja wa ndege na kuanza kukimbia, miili yao ilizoeshwa kimo kwanza. Kanuni ya hifadhi inayomtaka mgeni apande na mwongozaji ina sababu yake. Mimi mwenyewe naamini ile pole pole imeokoa watu wengi kuliko dawa yoyote.

Lakini wapo watu ambao miili yao imezoea kimo hicho kwa kazi, majuma kwa majuma, mwaka baada ya mwaka. Itazame siku ya mpagazi. Asubuhi mgeni anakunywa chai na kuondoka na mwongozaji, mikono mitupu, begi dogo mgongoni. Mpagazi anabaki. Anaangusha mahema yenye umande, anayakunja, anafunga viti, mitungi ya gesi na sufuria, anatwisha mzigo juu ya begi lake mwenyewe, kisha anaanza safari saa nzima au zaidi baada ya mgeni. Sharti la siku ni moja: afike kambi inayofuata kabla ya mgeni, asimamishe hema, achemshe maji. Anatoka nyuma, anampita, anawahi. Anafanya hivyo siku tano, sita, saba mfululizo, kisha anashuka na kuanza upya na kundi jingine.

Hao wapagazi, wanaojiita wagumu, wanakimbizana kila siku. Kushindana kwao kuna -na zote unazotaka: na mgeni, na kundi la kampuni nyingine linalotaka sehemu tambarare ya kusimika hema, na giza, na mvua ya saa nane mchana. Hakuna anayewapimia muda. Nasadiki kwa moyo wangu wote kwamba miongoni mwao, kati ya Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, yupo kijana au binti ambaye akipewa miezi michache ya mazoezi, viatu vya maana, chakula cha kutosha, daktari njiani na ruhusa ya kupita lango bila mzigo, ataitazama ile saa 6 na dakika 42 kama kitu cha kufikiwa. Hajapata nafasi ya kuwepo pale mstarini, kwa kuwa siku anayokosa kubeba ni siku watoto wanayokosa ada.

Kama mamlaka za hifadhi, chama cha riadha na kampuni za utalii zingekaa meza moja, siku moja kwa mwaka ingetosha. Njia moja, Umbwe kupanda na Mweka kushuka. Wachache waliopimwa afya na kukaa juu mpaka wakizoee kimo. Waachwe kwa kupishana dakika kumi kama magari ya Safari, maana kwenye ile mizizi watu wawili hawapishani. Posho ya siku za mazoezi ilipwe, ili mpagazi asichague kati ya mbio na ugali. Na majibu yaandikwe Moshi, kwenye kitabu kinachokaa Moshi.

Nilipokuwa nikitafakari haya nilikwenda tena lango la Mweka, alasiri ya siku ya kazi. Makundi yalikuwa yanashuka. Wageni walitokea msituni wakichechemea, wakakaa kwenye ngazi kuosha buti, wakapigwa picha. Kisha kikatokea kishindo cha miguu. Vijana watatu walikuwa wanashuka kwa kukimbia, matope mpaka magotini, mmoja na meza ya kukunja kichwani, mwingine na mfuko wa mahema, wa tatu na kreti tupu la mayai alilolishika kwa kidole kimoja juu ya mzigo wake. Wa tatu alimpita wa kwanza kwenye kona ya mwisho, kwa upande wa nje, miguu ikiteleza, akicheka. Akafika wa kwanza kwenye kibanda cha mizani.

Nilimuuliza ametoka kambi gani na saa ngapi. Akaniambia ametoka Barafu asubuhi, baada ya kufunga mahema, saa hakuangalia. Mzigo ukawekwa, mshale ukayumba ukatulia, karani akaandika kilo kwenye daftari lake na kumwita anayefuata.